Malta: Kisiwa Kilichoutafuta Uhuru Wake Ndani ya Ulaya



Kila anayesoma sura mbili za mwisho za Matendo ya Mitume hukifahamu kisiwa cha Malta, ambacho baadhi ya tafsiri zetu hukiita Melita. Ndipo Mtume Paulo alipookoka baharini pamoja na wenzake, watu 276 kwa hesabu ya Mwinjili Luka, wakawashiwa moto na wenyeji kwa sababu ya mvua na baridi. Baada ya hapo wengi wetu hatukisikii tena. Juma hili napenda tukirudie kisiwa hicho, si kwa ajili ya nyoka aliyemrukia Paulo mkononi, bali kwa ajili ya swali lililowasumbua Wamalta kwa zaidi ya miaka mia moja: je, taifa dogo hulinda uhuru wake kwa kukaa peke yake, au kwa kuketi katika meza moja na mataifa makubwa? Swali hilo liligawa vyama vyao, likagawa familia, na, inatupasa kulisema bila kuficha, likaligawa Kanisa lao.

Malta iko kusini mwa Sicilia, kilomita zipatazo 90 tu. Pamoja na kisiwa cha Gozo na vingine vidogo, eneo lake ni kilomita za mraba 316, yaani haifiki hata robo ya Unguja. Mwaka 1530 visiwa hivi vilikabidhiwa kwa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, mwaka 1798 vikatwaliwa na Napoleon, na miaka miwili baadaye Waingereza wakaingia. Mkataba wa Paris wa mwaka 1814 ulivithibitisha kuwa koloni lao. Lugha ya wenyeji, Kimalta, ina mzizi wa Kiarabu, na Mswahili akiisikiliza atashtuka kuona anaelewa neno hapa na neno pale: sita, saba na tisa zao ni karibu sawa na zetu, Alhamisi na Ijumaa hali kadhalika, na Mungu humwita Alla. Kipindi cha Kwaresima hukiita Randan, neno ambalo msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa limetoka wapi. Ni Wakatoliki wanaofunga Randan, na jambo hilo peke yake latosha kutuonya tusiwe wepesi wa kuamua nani ni wa Ulaya na nani si wa Ulaya.

Chini ya utawala wa Kiingereza, ugomvi wa kwanza wa kisiasa haukuwa juu ya uhuru bali juu ya lugha. Mahakama, Kanisa na watu wenye elimu walitumia Kiitaliano. Waingereza walitaka Kiingereza. Kutokana na ugomvi huo, katika miaka ya 1880, mwanasheria Fortunato Mizzi aliunda chama cha kupinga mageuzi hayo, na humo ndimo kilimozaliwa kile ambacho baadaye kiliitwa Chama cha Kitaifa. Kwa hiyo chama ambacho leo chajulikana kuwa mtetezi mkuu wa Ulaya kilianza kikiwa chama cha kutetea Kiitaliano dhidi ya Kiingereza. Kwa watu wake, Ulaya maana yake ilikuwa Roma: sheria ya Kirumi, imani ya Kirumi, vyuo vya Italia. Uingereza kwao haikuwa Ulaya bali dola ya baharini iliyotia nanga bandarini mwao.

Msimamo huo uliwagharimu. Mwaka 1934 Kiitaliano kiliondolewa katika lugha rasmi, na Kimalta kikachukua nafasi yake kando ya Kiingereza. Vita ilipokuja, na Italia ya Mussolini ikawa adui, waliokuwa wakijulikana kwa mapenzi yao kwa Italia walikamatwa. Enrico Mizzi, mwana wa Fortunato, alitiwa kizuizini mwaka 1940. Mwaka 1942 yeye na wenzake zaidi ya arobaini, akiwemo Sir Arturo Mercieca aliyekuwa Jaji Mkuu, walisafirishwa hadi Uganda. Naam, Uganda yetu hii. Walikaa huko mpaka mwaka 1945, wakati nyumbani kwao mabomu ya Wajerumani na Waitaliano yakiangukia nyumba za ndugu zao. Hakuna aliyefikishwa mahakamani na kuthibitishwa kuwa msaliti. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wa 1942, Mfalme George wa Sita alikitunukia kisiwa kizima nishani ya Msalaba wa George kwa ushujaa wake, na nishani hiyo ingali inaonekana katika bendera ya Malta. Basi tazama: nishani kwa kisiwa, na kizuizi cha Afrika kwa baadhi ya wana wake. Enrico Mizzi alirudi, akawa Waziri Mkuu mwezi Septemba mwaka 1950, akafariki dunia mwezi Desemba mwaka huohuo. Aliyemrithi, George Borg Olivier, ndiye atakayekuja kuupokea uhuru.

Upande wa pili ulikuwa Chama cha Leba, chama cha wafanyakazi wa karakana za meli za Waingereza. Kiongozi wake tangu mwaka 1949 alikuwa Dominic Mintoff, msanifu majengo aliyesoma Oxford, mtu mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Mpango wake wa kwanza huwashangaza wanaomjua kama adui wa ukoloni: alitaka Malta iunganishwe na Uingereza kabisa, iwe na wabunge wake watatu katika Bunge la London, na mfanyakazi wa Malta apate haki sawa na mfanyakazi wa Uingereza. Katika kura ya maoni ya mwezi Februari mwaka 1956, asilimia 77 ya waliopiga kura walikubali. Lakini Chama cha Kitaifa kiliisusia kura hiyo, Askofu Mkuu alikuwa na mashaka juu ya nafasi ya Kanisa katika muungano huo na nchi ya Kiprotestanti, na waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Waingereza nao, walipoipiga hesabu ya gharama, wakaanza kurudi nyuma. Mwaka 1958 Mintoff alijiuzulu, ghasia zikazuka, katiba ikasimamishwa, na yule aliyetaka kuwa ndani ya Uingereza akageuka kuwa mdai wa uhuru kamili.

Sitaki mtu amcheke Mintoff kwa mgeuko huo. Swali lake lilikuwa lile lile kabla na baada: mtu wa karakana atakula nini? Kama Uingereza itamlisha kama raia wake, vema. Kama haitaki, basi na iondoke, na kila siku inayobaki ilipe kodi ya nyumba.

Sasa nafika mahali ambapo padre anayeandika historia hii hana budi kupunguza mwendo.

Askofu Mkuu wa Malta wakati huo alikuwa Mikiel Gonzi. Wengi husahau kwamba Gonzi, akiwa bado padre, alikuwa seneta wa Chama cha Leba katika Bunge la mwaka 1921. Hakuwa basi mtu asiyejua shida za wafanyakazi. Lakini mapema alijifunza pia kutumia barua ya kichungaji kama silaha: mwaka 1930 yeye, akiwa Askofu wa Gozo, pamoja na Askofu Mauro Caruana wa Malta, waliwakataza waamini kumpigia kura Lord Strickland na chama chake, na Waingereza wakausimamisha uchaguzi. Miaka thelathini baadaye ugomvi ulirudi kwa nguvu mpya. Mintoff alidai mageuzi mintarafu uhusiano wa Kanisa na dola, ikiwemo ndoa ya kiserikali, na magazeti ya chama chake hayakumheshimu Askofu. Mwezi Aprili mwaka 1961 viongozi wote wa halmashauri ya Leba walipigwa interdikto, yaani walizuiwa kupokea sakramenti. Tena ikatangazwa kuwa kusoma gazeti la chama, kuliuza, au kukipigia chama kura ni dhambi ya mauti.

Fikiri maana yake katika parokia. Mke anakwenda kuungama, naye padre anamwuliza mumewe anasoma gazeti gani. Mikutano ya Leba ilipoanza uwanjani, kengele za kanisa zilipigwa ili hotuba zisisikike. Waliofariki wakiwa chini ya adhabu hiyo walizikwa katika sehemu isiyobarikiwa ya makaburi ya Addolorata, ambayo watu waliiita kwa neno la Kimalta lenye maana ya jalala. Ġużè Ellul Mercer, naibu kiongozi wa chama na mwandishi aliyeheshimiwa, alizikwa hapo mwezi Septemba mwaka 1961. Ndugu yake mwenyewe Mintoff, Dionysius, alikuwa padre Mfransisko.

Uchaguzi wa mwezi Februari mwaka 1962 ulifanyika katika hali hiyo. Chama cha Kitaifa kilipata viti 25 kati ya 50, Leba viti 16, na vyama vidogo, vingi vyao vikiwa vya watetezi wa Kanisa, vikagawana vilivyobaki. Borg Olivier akawa Waziri Mkuu, na baada ya miezi michache akaomba uhuru rasmi. Watetezi wa Ulaya wa Malta hawapendi sana kukumbushwa kwamba ushindi ule ulipikwa kwa kuni za kitubio. Nami nakiri kwamba kila nikisoma habari hizi najiuliza kama Borg Olivier, mtu wa sheria na mpole kwa tabia, aliwahi kuona haya. Yeye hakuiomba interdikto. Lakini pia hakuukataa mzigo wa kura uliomdondokea kutokana nayo.

Wala tusidhani kwamba Kanisa lilikuwa na haraka ya uhuru. Askofu Mkuu aliuogopa: je, Mwingereza akiondoka, Mintoff hatakuja? Vyama vidogo vya upande wake vilitaka jambo hilo licheleweshwe. Kwa hiyo picha ya mwaka 1964 ni ya ajabu. Vyama viwili vikubwa vyataka uhuru, lakini vyachukiana. Leba yaipinga katiba iliyoandikwa, kwa kuwa inalipa Kanisa nafasi kubwa mno. Walio karibu na Kanisa wanaupinga uhuru wenyewe. Katika kura ya maoni ya mwezi Mei, katiba ilikubaliwa na asilimia 54 na kidogo ya kura halali. Kunako tarehe 21 Septemba 1964, Malta ikawa nchi huru, miezi miwili baada ya Malawi na mwezi mmoja kabla ya Zambia. Malkia alibaki mkuu wa dola, na majeshi ya Uingereza yalibaki kwa mkataba wa miaka kumi.

Leba iliuita uhuru huo wa bandia. Na hapa ndipo tofauti ya fikra inapodhihirika, tofauti ambayo ingedumu kwa miaka arobaini. Kwa watu wa Borg Olivier, uhuru ni hadhi ya kisheria: siku unapopata haki ya kutia saini mikataba yako mwenyewe, u huru, hata kama askari wa mgeni angali kambini kwa ridhaa yako. Na haki hiyo ya kutia saini waliitumia mapema kuielekea Ulaya. Mnamo tarehe 5 Desemba 1970 serikali yake ilitia saini mkataba wa ushirika na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, hatua ya kwanza ya safari ndefu. Kwa watu wa Mintoff, uhuru ni kitu cha kushikika: nani anashika funguo za bandari? Mintoff alishinda uchaguzi wa mwaka 1971 kwa tofauti ya kiti kimoja, akawabana Waingereza walipe zaidi kwa kambi zao, akaifanya nchi kuwa jamhuri tarehe 13 Desemba 1974, na tarehe 31 Machi 1979 akawaona askari wa mwisho wa Kiingereza wakiondoka. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa Siku ya Uhuru.

Wamalta hawajaweza kupatana hadi leo. Kwa sheria ya mwaka 1989 wanazo sikukuu tano za kitaifa: tarehe 31 Machi, tarehe 7 Juni ya kuwakumbuka watu wanne waliouawa na askari wa Kiingereza katika ghasia za bei ya mkate mwaka 1919, tarehe 8 Septemba, tarehe 21 Septemba na tarehe 13 Desemba. Taifa lisiloweza kukubaliana juu ya siku yake ya kuzaliwa likaamua kuzisherehekea zote. Nadhani ni busara kuliko inavyoonekana.

Kuhusu ugomvi na Kanisa, amani ilifanywa tarehe 4 Aprili 1969. Katikati ulikuwa umepita Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ya Desemba 1965, ilikuwa imeeleza waziwazi kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa kisiasa. Lakini majeraha hayafuati kalenda ya mitaguso. Miaka ya 1980 ilikuja na kisasi chake. Katika uchaguzi wa mwaka 1981, Chama cha Kitaifa kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini Leba ikapata viti 34 dhidi ya 31, kwa namna majimbo yalivyokatwa. Mwaka 1984 serikali ilitaka shule za Kanisa zisitoze ada kabisa la sivyo zisifunguliwe, na mwezi Septemba ofisi za Askofu Mkuu zilivamiwa na kuvunjwavunjwa. Tayari mwaka 1979 jengo la gazeti la Times of Malta lilikuwa limechomwa moto, na nyumba ya Eddie Fenech Adami, kiongozi mpya wa Chama cha Kitaifa, kushambuliwa siku hiyohiyo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo fikra ya Ulaya ilipobadilika maana katika Malta. Kwa Fortunato Mizzi, Ulaya ilikuwa utamaduni. Kwa Borg Olivier ilikuwa biashara. Kwa kizazi cha Fenech Adami ikawa ngao: mahakama iliyo mbali na vijana wa mitaani wa chama chochote, sheria ambayo Waziri Mkuu wa nyumbani hawezi kuibadilisha usiku mmoja. Wao hawakuiona Ulaya kama bwana mpya. Waliiona kama shahidi wa nje katika ugomvi wa ndugu, na kila aliyewahi kusuluhisha kesi ya shamba kijijini anajua thamani ya shahidi asiye wa ukoo.

Mwaka 1987 vyama viwili vilifanya mapatano yaliyoiokoa nchi: katiba ilirekebishwa ili chama chenye kura nyingi zaidi ya nusu kipate viti vingi, na kwa upande mwingine Chama cha Kitaifa kikakubali kuandika katika katiba kwamba Malta haifungamani na upande wowote wa kijeshi. Fenech Adami akashinda, Leba ikakabidhi madaraka kwa amani. Tarehe 16 Julai 1990, Waziri wa Mambo ya Nje Guido de Marco aliwasilisha ombi la Malta la kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Ulaya. Kisha ombi likawa kama mlango wa kiosk unaofunguliwa na kufungwa kadiri mwenye zamu anavyotaka: mwaka 1996 Leba ya Alfred Sant ilishinda na kulisimamisha, mwaka 1998 Chama cha Kitaifa kikarudi na kulifufua. Serikali ya Sant ilianguka mapema kwa sababu Mintoff mwenyewe, mzee wa chama, alimkatalia kura bungeni juu ya mradi wa ufukwe wa Cottonera. Kwa hiyo adui mkubwa kabisa wa Ulaya ndiye aliyewafungulia watetezi wa Ulaya njia. Historia ina mizaha ya namna hiyo.

Wapinzani hawakuwa wajinga, nami sipendi namna wanavyochorwa mara nyingi. Sant alikuwa mchumi na mwandishi wa riwaya, na alisema Malta yaweza kuwa kama Uswisi, yenye mikataba mizuri na Ulaya bila kuingia ndani. Karmenu Mifsud Bonnici, aliyekuwa Waziri Mkuu baada ya Mintoff, aliongoza Kampeni ya Uhuru wa Taifa, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: hatukumtoa Mwingereza mwaka 1979 ili tumpe Brussels funguo. Walitaja kutofungamana kulikoandikwa katika katiba, karakana za meli zilizoishi kwa ruzuku ambayo Ulaya isingeiruhusu, wageni wenye fedha ambao wangenunua nyumba zote katika kisiwa chenye ardhi finyu. Baadhi ya hofu hizo zilitimia. Karakana zile zimebinafsishwa, na kijana wa leo wa Malta anayetafuta nyumba ya kupanga hahitaji mchumi amweleze maana ya ardhi finyu.

Watetezi wa Ulaya walijibu kwamba nchi ya watu laki nne iliyo nje haipati mamlaka kwa kuwa nje. Sheria za soko kubwa zitaihukumu vilevile. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wake atakayekuwepo zikitungwa. Walizibadilisha baadhi ya hofu kuwa masharti katika mazungumzo: vizuizi vya kudumu juu ya wasio wakazi kununua nyumba ya pili, lugha ya Kimalta kuwa lugha rasmi ya Umoja, na itifaki ndogo inayosema kwamba hakuna mkataba wa Ulaya utakaogusa sheria ya Malta juu ya utoaji mimba. Hili la lugha lanigusa. Waingereza walipokiingiza Kimalta katika lugha rasmi, walikifanya fimbo ya kukipigia Kiitaliano. Chama cha warithi wa Kiitaliano ndicho kilichokipeleka Kimalta kwenye meza ya Ulaya. Leo sheria za Umoja, kurasa kwa kurasa, hutafsiriwa kwa lugha inayosema sitta, sebgħa, disgħa.

Kura ya maoni ilifanyika tarehe 8 Machi 2003. Zaidi ya asilimia 90 ya walioandikishwa walijitokeza, katika nchi ambayo hakuna sheria ya kumlazimisha mtu kupiga kura. Ndiyo: 143,094. Hapana: 123,628. Hiyo ni karibu asilimia 54 kwa 46. Sant, hata hivyo, alitangaza kwamba upande wake umeshinda. Hesabu yake ilikuwa hii: ukijumlisha waliokataa, waliobaki nyumbani na walioharibu kura, basi waliosema ndiyo ni takriban asilimia 48 tu ya wote walioandikishwa. Basi jioni ile kulikuwa na misafara miwili ya magari barabarani, yote ikipiga honi za ushindi. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama shauri limekwisha. Fenech Adami hakubishana juu ya hesabu. Aliitisha uchaguzi mkuu tarehe 12 Aprili, akashinda kwa karibu asilimia 52, na tarehe 16 Aprili akatia saini mkataba wa kujiunga, huko Athens.

Safari hii hakuna barua ya kichungaji iliyomtisha mpiga kura kwa dhambi ya mauti. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka 21 mwaka 1962 alikuwa na miaka 62 mwaka 2003. Alikuwa bado anakumbuka, na nafikiri hata maaskofu walijua kwamba anakumbuka.

Yaliyofuata yaonyesha kwamba vyama hujifunza. Mwezi Julai mwaka 2005 Bunge zima la Malta, Leba ikiwemo, liliridhia kwa kauli moja ule mkataba wa katiba ya Ulaya ambao Wafaransa na Waholanzi walikuwa wameukataa wiki chache kabla. Alfred Sant, yule wa Uswisi ya Mediteranea, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya mwaka 2014 na akakaa humo miaka kumi. Mwezi Januari mwaka 2022 Bunge hilohilo lilimchagua Roberta Metsola wa Chama cha Kitaifa kuwa rais wake: mtu wa nchi ndogo kuliko zote za Umoja.

Lakini shahidi wa nje hasemi tu yale unayopenda kusikia. Mwaka 2013 serikali ilitaka kuwarudisha Libya Wasomali waliokuwa wamefika kwa mashua, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaizuia. Baada ya mwanahabari Daphne Caruana Galizia kuuawa kwa bomu la gari tarehe 16 Oktoba 2017, Bunge la Ulaya lilituma wajumbe kuuliza maswali ambayo wengi nyumbani waliyaita uingiliaji. Mwezi Aprili mwaka 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Malta haiwezi kuwauzia matajiri uraia wake kwa bei iliyopangwa. Katika kila kesi ya namna hii kilisikika kilio cha mwaka 2003: huu ni uhuru gani? Na majirani walijibizana kama zamani, kila mmoja katika klabu ya chama chake, kwa maana katika vijiji vya Malta hata klabu za bendi za sikukuu ya mtakatifu wa parokia aghalabu hujulikana zimeegemea wapi. Kwa upande wangu naona amri ile juu ya Wasomali ilikuwa ya haki kabisa. Kisiwa kilichomwashia moto Paulo hakiwezi kujisifu kwa habari hiyo kila mwezi Februari, kwenye sikukuu ya kuvunjikiwa kwake na meli, halafu kikalalamika kwamba mahakama imekikumbusha.

Malta iliingia rasmi katika Umoja wa Ulaya usiku wa manane kuamkia tarehe 1 Mei 2004, siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambayo ndiyo sikukuu kubwa ya Chama cha Leba. Fataki zilirushwa juu ya bandari ambayo miaka 25 kabla meli ya mwisho ya kivita ya Mwingereza ilikuwa imetoka. Fenech Adami alikuwa ameapishwa kuwa Rais wa Jamhuri majuma machache kabla. Waziri Mkuu mpya aliitwa Lawrence Gonzi, mjukuu wa nduguye Askofu Mkuu.